Kidonda Kisichouma

Fundi makochi huyu watu walimwita Sponji, kwa kuwa vumbi la sponji lilikuwa halimtoki nyweleni. Alikuwa mcheshi na hodari wa kazi, na katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kulala nje kwa sababu asiyoweza kuieleza. Mpaka alipokwenda mji mwingine kutengeneza viti vya ukumbi wa mikutano. Huko alizoeana na mama aliyekuwa akiwapikia mafundi, na siku ya mwisho mazoea yakavuka mpaka. Kinga haikutumika.

Aliporudi nyumbani hofu ikamvaa. Akikohoa, ni ugonjwa. Akitoka jasho, ni huohuo. Mapaja yalipomwasha alijifungia bafuni na tochi ya simu, akawa anakagua kipele kimoja kimoja. Ili asimsogelee mkewe, alisingizia mgongo na kuhamia sebuleni. Mkewe, mshonaji wa mapazia, alimwonea huruma. Kila jioni alimkanda kwa maji ya moto, naye Sponji akalala kifudifudi.

Hazikupita wiki mbili akapiga moyo konde, akaenda zahanati. Alipimwa Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, yote hana. Alitaka kuinuka akiwa amejaa furaha, lakini muuguzi, mama wa makamo, akamrudisha kitini.

“Usishangilie bado, kaka. Kipimo cha leo kinatoa habari za zamani. Maambukizi ya juzijuzi yanahitaji muda ndipo yaonekane. Rudi ikitimia wiki sita, kisha miezi mitatu.”

“Na hivi vipele?”

“Hilo ni vumbi la kazini kwako. Ukitaka kujua ukweli, ngoja damu iseme.”

Alimweleza pia kwamba angewahi ndani ya siku tatu angepewa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ila sasa muda ulikuwa umeshapita. Mpaka majibu yakamilike, asikutane na mkewe bila kinga.

Katikati ya kusubiri huko, kidonda kidogo kikamtokea sehemu za siri. Hakikuuma, na baadaye kikapona chenyewe. Sponji, aliyekesha kwa ajili ya kikohozi, hicho hakukitilia maanani.

Wiki sita zilipotimia alirudi. Virusi vya Ukimwi havikuonekana. Kaswende ilionekana.

Muuguzi alimuuliza kama alipata kidonda, naye akakiri. Akaambiwa ugonjwa huo unatibika. Akachomwa sindano, akaagizwa amlete mkewe apimwe na ampelekee habari yule mwenzake wa ule mji mwingine. Alimpigia simu palepale nje ya zahanati. Yule mama mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata.

Kwa mkewe ilikuwa kazi. Alimkuta anakunja pindo la pazia, akakaa pembeni, akamweleza yote bila kupunguza. Mkewe alimaliza pindo lile, akakata uzi.

“Kwa hiyo mgongo ulikuwa hauumi.”

“Haukuwa unauma.”

“Kulala nje umenikosea, na hilo wanawake wenzangu wengi wanalijua. Lakini kuniacha nikukande mgongo usiouma, jioni baada ya jioni, hilo sijui niliweke wapi.”

Sponji alisema tu kwamba aliogopa kumwambukiza. Mkewe akajibu kwamba angeweza kuogopa na bado akasema.

Kesho yake walikwenda zahanati pamoja. Mkewe alimuuliza muuguzi maswali yake mwenyewe, moja baada ya jingine, bila kumtazama mumewe. Alipimwa, akakutwa salama.

Miezi mitatu ilipotimia Sponji alipima tena. Ukimwi hana, na kaswende ilikuwa inaisha vizuri. Mkewe alipoambiwa, alisema anashukuru, kisha akamuuliza kama amenunua sindano za cherehani alizomwagiza.

Walipata kazi ya nyumba nzima, yeye makochi, mkewe mapazia, wakawa wanatoka na kurudi pamoja. Njiani Sponji aliendelea na utani wake, maana hakujua kukaa kimya. Siku nyingi mkewe hakujibu. Siku nyingine alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika, kisha akageukia upande wa pili.