Kiti cha Meneja Chatekwa

Katikati ya jiji la Mwanza, kule ambako benki zimebanana kama dagaa kwenye ungo, jengo la zamani huvumiliwa tu likikubali kuvaa vioo. Mitaa hiyo ilikuzwa na pamba. Mkulima alileta, Mhindi akapima, benki ikaja kuangalia nani kati yao anasinzia. Pamba ikachoka, wakaja sangara, ikaja dhahabu. Benki haijachoka mpaka leo.

Mengi ya hayo Sabina Luhende, fundi cherehani, aliyaona akiwa barazani kwa duka la vitambaa la Mzee Rasik. Alifika hapo na mimba ya mwanawe Obedi, ambaye sasa ana kipara. Baraza lile babu yake Rasik alilijenga pana makusudi, wakulima waliosubiri kulipwa wasipigwe na jua. Rasik hakuwahi kumtoza Sabina chochote.

"Kivuli si changu, mama," alikuwa akisema. "Cha babu. Naye halalamiki."

Mwaka huu Rasik alizidiwa na uzee, akafunga duka, akamfuata binti yake Shruti Dar. Jengo likakodiwa na benki mpya. Meneja akamtuma mlinzi, Nestory, na ujumbe: ufunguzi ukipita, cherehani iondoke, inaharibu sura ya benki.

"Sura gani?" Sabina aliuliza. "Mimi nimekaa hapa wao hawajaota hata pua!"

"Mimi natumwa tu, mama."

Aende wapi? Wateja wake walilijua baraza kuliko walivyolijua jina lake.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa, keki ikapambwa, utepe ukafungwa. Meneja, kijana aliyebanwa na suti mpaka maneno yakawa yanatoka kwa awamu, akashika kipaza sauti.

"Kwa majina naitwa Yeremia Chilongani, Mgogo wa Kongwa..."

Mguu wa Sabina ukasimama kwenye kanyagio. Mgogo! Wagogo na Wasukuma kama yeye ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi. Akikutekea kitu chako, unakikomboa kwa zawadi.

Akawapita wageni, akampita Nestory aliyekuwa akiilinda keki kwa macho, akaingia ofisini kwa meneja, akakalia kiti chake cha kuzunguka. Akazunguka mara moja, maana nafasi kama ile haiji kila siku.

"Shikamoo mama, lakini hapo..." Nestory alikuwa amemfuata hadi mlangoni.

"Marahaba. Mwambie Mgogo wako kiti kimetekwa na Msukuma. Aje akikomboe!"

Wageni wakaangua kicheko. Meneja akaja mbio, sura ya benki ikamdondoka, ikabaki ya Kongwa.

"Kumbe ni hawa Wasukuma, wala michembe ya viazi vikavu! Haya, nitakupa jogoo."

"Jogoo wa Mgogo? Ninyi kwa kuomba hamjambo, kesho si utakuja kumwomba tena! Nataka baraza langu."

Kuita polisi angeweza, lakini anayemkasirikia mtani huchekwa mpaka msibani kwake. Yeremia akavua koti, akatoka nje, akakalia kigoda cha Sabina na kukumbatia cherehani.

"Na mimi nimeteka! Msukuma, kila mtu arudishe alichoteka!"

Sabina akamfuata, mkono kiunoni. "Tunarudisha pale pale tulipochukulia?"

Yeremia akatazama baraza, akatazama wageni. Akacheka.

"Pale pale, mtani." Kisha akamgeukia mlinzi. "Nestory, ule ujumbe niliokutuma..."

"Ujumbe gani, bosi?"

Wiki iliyofuata Sabina alimpelekea meneja michembe iliyopikwa kwa karanga, akampigia Rasik simu. Mzee alicheka mpaka Shruti akamnyang'anya simu, akidhani baba amepaliwa.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kutunga uzi, Sabina huigusa nguzo ya baraza na kushukuru: Mungu kwanza, babu yake Rasik wa pili, Wagogo wa tatu. Benki yenyewe bado haijafikia kushukuriwa, ila anaiombea.