Mpaka Ulifungwa, Lakini Njia Niliijua

Wanangu wa ukurasa huu, naomba jina langu lisionekane popote. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, naishi Nakwa hapa Babati, na kanisani kwetu kila mtu ananijua. Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Tuna watoto wanne. Wa kwanza, nitamwita Regina, haoni jicho la kushoto. Ninachowaandikia leo sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Ninyi vijana hamwezi kujua tulivyoishi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mshahara wa mwalimu ulikuwepo, cha kununua hakikuwepo. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Khanga ikifika, inafika moja kwa nyumba kumi, balozi wa mtaa anatupigisha kura. Mume wangu alikuwa na suruali moja ya kazi yenye kiraka nyuma, akawa anaandika ubaoni amesimama upande ili wanafunzi wasikione. Regina nilimbeba kwa kipande cha pazia.

Kenya ilikuwa jirani tu, ila mpaka ulikuwa umefungwa, serikali zetu mbili zimegombana. Hata hivyo watu walipita porini kwa miguu wakarudi na sabuni, wakasimulia maduka yaliyojaa mpaka mlangoni. Mimi na mume wangu tukakubaliana niende miezi mitatu, nifanye kazi za ndani Nairobi, nirudi na nguo za familia. Regina alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tulimwacha kijijini Bonga kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi hakupenda. Aliniuliza mara mbili kama kweli ni miezi mitatu, na mara zote mbili nikasema ndiyo.

Nilivuka na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini aliyezoea njia zile. Nikapata kazi kwa mama mmoja mjane. Siku ya kwanza aliponituma dukani nilisimama mbele ya sabuni, zimepangwa za kila rangi, nikawa nanusa tu mpaka muuzaji akaniuliza nina shida gani. Asubuhi tulikula mkate na siagi. Chai nilitia sukari vijiko vinne na hakuna aliyeniangalia vibaya.

Sitawadanganya kwamba kule kulikuwa peponi. Nililala kwenye chumba cha nyuma chenye magunia ya mkaa. Sikuwa na kitambulisho, kwa hiyo sikutoka getini bila kuogopa polisi. Msichana wa kazi wa jirani aliniambia wadogo zake wako nyumbani kwa kukosa pesa za shule, wakati kwetu hata mtoto wa mkulima maskini kabisa alikuwa anasoma. Nilimhurumia, kisha nikarudi jikoni nikapaka mkate wangu siagi. Miezi mitatu ikapita, ikawa sita, ikawa mwaka. Nilituma nguo na sabuni kwa yule mfanyabiashara, na kila mara nikaandika kwamba mpaka umekuwa mkali, siwezi kupita.

Mwaka wa pili yule mfanyabiashara akaja na barua ya mume wangu. Regina ameugua surua, zahanati haina dawa, jicho limeanza kuingia doa jeupe, mtoto analia anamtaka mama. Nilikaa chini na ile barua. Yule bwana akaniambia anarudi Jumatano, nijiandae. Nikamjibu awaambie haiwezekani, mpaka umefungwa.

Akanitazama. "Mama Regina, mimi nimepita wapi?"

Nilimpa sukari na dawa ya macho ya dukani, akaondoka. Hakurudi tena kwangu.

Nilikuja kurudi baada ya mpaka kufunguliwa, kwa sababu sasa sikuwa na la kusingizia. Regina alijificha nyuma ya wifi yangu. Alimwita yeye mama, na jicho lilishakufa. Familia ilikaa nyumbani kwetu, nikaeleza nilivyozuiwa, nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Barua ilivuka. Sabuni zilivuka. Huyu hakuzuiwa na mpaka, alizuiwa na mkate."

Mume wangu hakuwahi kumpandishia dada yake sauti, siku ile alimfukuza. Akasema mke wake ameteseka kwa ajili yao wote, na asiyelijua hilo asikanyage kwake. Nilikuwa nimekaa pale pale. Ningeweza kufungua mdomo. Nilimchukua Regina kwa nguvu, analia, anamnyooshea wifi mikono.

Miaka zaidi ya arobaini hawajasalimiana, na kutoka Nakwa hadi Bonga si safari. Regina amekua akiniheshimu. Huwaambia wanawe kwamba bibi yao alitaka kuja, serikali mbili zikamzuia.

Sasa mume wangu amelala kitandani tangu masika, na daktari ametuambia tumtunze tu nyumbani. Wifi amepita miaka themanini. Amemtuma Regina amwombee ruhusa ya kuja kumwona mdogo wake. Mume wangu akajibu, "Aje. Lakini aanze kwa kumwomba Mama Regina msamaha, mbele ya watoto." Nilidhani wifi atakataa. Amekubali. Regina amefurahi, ameshanunua kuku.

Nikisema kweli, mume wangu atakufa akijua alimtupa dada yake bure, na Regina atajua ni nani aliyebaki kula mkate jicho lake likiharibika. Nikinyamaza, Jumapili baada ya misa bibi kizee yule atapiga magoti sebuleni kwangu kwa kosa la kusema kweli. Leo ni Jumatano. Usingizi sina, na humu ndani hakuna ninayeweza kumwuliza. Ndugu zangu msionijua, niambieni: niseme au ninyamaze? Na kama ni kusema, nianze na nani?