Chupa Niliyoipaka Macho

Chupa ilitoka ardhini ikiwa inatutazama.

Sidanganyi. Ilikuwa na macho. Macho ya manjano yamezunguka tumbo lote, na shingoni mdomo mwekundu, umezibwa kwa nta ya mshumaa.

Watu waliojaa uwanjani walirudi nyuma kwa pamoja, kama ng'ombe walioona nyoka. Mama mmoja akaanza kulia. Mwingine akaita Yesu.

Mimi sikurudi nyuma.

Kwa sababu hayo macho niliyachora mimi.

Wacha niende pole pole, msije mkaniacha njiani.

Mwaka wa tisini na tano nilikuwa Migori mjini, napaka vibao vya maduka. Kinyozi, bucha, hoteli, chochote. Kwetu ni Ntimaru, lakini nilitoka mapema, na shule niliionja tu, darasa moja huku, lingine kule.

Mvua ya mwaka ule haikunyesha, ilimwagwa. Na hakuna mtu anaita fundi wa rangi mvua ikimwagika. Nikakosa kazi, nikakosa nyumba, halafu homa ikanimaliza.

Mama Nyamusi alinikuta kwa veranda ya duka lililofungwa, natetemeka.

Alikuwa mjane, Mkisii, Msabato wa kweli, anauza uji kando ya soko. Hakuniuliza kabila. Hakuniuliza dini.

"Simama, omwana one," aliniambia, yaani mwanangu. "Mtu hafii kwa simiti ya wenyewe."

Akanipa jiko lake la nje nilale. Nilipopona hakunifukuza. Mtu akiniuliza natoka wapi, nilikuwa nasema natoka kwa mama.

Sasa, sikia habari ya chupa.

Kulikuwa na baa ya mzee mmoja anaitwa Ombui. Ombui ndiye alikuwa na TV mtaa ule, kale kadogo keusi na keupe, kanatumia betri ya gari. Kila Jumapili jioni kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa ng'ambo. Malkia mzee ameficha moyo wake ndani ya chupa yenye macho. Ukiitafuta, yenyewe inakuona kwanza.

Maze, mtaa mzima ulikuwa unaogopa hiyo chupa. Watu wazima walikuwa wanatoka baa wakishikana mikono.

Na kwetu huku, chupa iliyozibwa haichezewi hata bila TV. Ukiona chupa imefukiwa bomani kwako, unajua kuna mtu anataka kukuzika.

Ombui mwenyewe alikuwa mkono birika. Kila chupa ya baa yake aliikwaruza kwa tupa kwenye kitako, mistari mitatu, ili mlevi asiende kuiuza kwingine. Ukinywa kwa Ombui, alama ya Ombui unaijua hata ukiwa umelewa.

Siku moja mzungu wa mradi wa maji wa Homa Bay, anaitwa Jeff, akaona vibao vyangu.

"Unaijua ile chupa ya Jumapili?" akaniuliza.

"Ya malkia? Naijua."

"Unaweza kunitengenezea?"

Kumbe kuna watu duniani wanakusanya vitu vya TV. Kofia ya mwigizaji, kikombe, fimbo, na kama hawapati chenyewe, wanataka cha kufanana. Sikucheka. Njaa haicheki.

Nikanunua chupa tupu kwa Ombui. Nilikuwa na rangi ya bluu iliyobaki kwa basi moja nililopaka, na manjano na nyekundu za vibao. Nikachanganya na petroli, kwa sababu tapentaini ilikuwa bei ya mabwana. Nikachora macho. Nikaipeleka Homa Bay.

Jeff alicheka mpaka akakaa chini.

"Gichana, kwa TV hiyo chupa ni ya kijani!"

"TV ya kwetu haina kijani," nikamwambia. "Hii ni ya Migori."

Akainunua, tena akaniambia niandike jina langu kwenye kitako. Akaita wenzake. Wakataka na wao. Kwa miezi michache nilikula nikashiba, na Mama Nyamusi akapata bati jipya la jiko.

Chupa nilikuwa nazianika hapo hapo jikoni, nazining'iniza kwa shingo juu ya moto wake.

"Gichana, haya macho yako yananitazama nikisonga ugali."

"Yape mgongo, mama."

"Nikiyapa mgongo ndio yanatazama zaidi."

Tulikuwa tunacheka hivyo.

Halafu Jeff akamaliza kazi, akarudi kwao. Wenzake wakatawanyika. Biashara ikafa kifo cha kuku.

Njaa ikarudi, safari hii na kikohozi cha Mama Nyamusi. Usiku anakohoa, asubuhi anabeba sufuria ya uji kwenda soko. Mimi mwanaume mzima nakula jasho la mwanamke mgonjwa. Nilizunguka Homa Bay na mfuko wa chupa mpaka askari wa hoteli wakanizoea kama mbwa wa jirani.

Ndipo nikampata Byron.

Suti ya kijivu. Viatu vinang'aa. Kiingereza cha puani. Alinikuta nje ya hoteli moja karibu na ziwa, akachukua chupa moja, akaileta puani, akainusa kwa kuvuta pumzi mara mbili, kama mtu anayenunua samaki.

"Mimi pia ni mkusanyaji," akasema. "Nitachukua zote. Na ukiwa na zingine, lete."

Nilitaka kumpigia magoti.

"Lakini usiandike jina chini," akaongeza. "Na uzibe mdomo na nta. Wakusanyaji wa Nairobi wanapenda hivyo."

"Na rangi? Iko sawa?"

"Rangi?" Akanitazama kama sielewi dunia. "Rangi ni rangi."

Niliona ajabu kidogo. Jeff alicheka rangi hata kabla hajaishika chupa. Huyu hakuona kitu. Lakini mwenye njaa akipewa ugali haulizi mahindi yalitoka wapi. Nikapaka. Akachukua. Nikapaka tena. Akachukua tena.

Wakati huo huo, nyumba ya jirani yetu ilikuwa inalia.

Jirani alikuwa anaitwa Mirumbe, Mkuria mwenzangu, dereva wa lori la miwa kule Awendo. Surua ilipita mtaani ikamchukulia watoto wawili. Wawili, mmoja baada ya mwingine, kabla udongo wa kwanza haujakauka.

Mirumbe aliacha kula. Aliacha kuendesha. Alikuwa anakaa mlangoni anatazama njia.

Na maneno yakaanza.

Nani aliwapa hao watoto uji? Mama Nyamusi. Kwa nini mjane anakohoa na hafi? Kwa nini hana mtoto na anafuga mwanaume wa kuokota?

Ukimpa mtu mwenye uchungu jina, hataki kitu kingine.

Kuna mtu akamwambia Mirumbe habari ya mganga wa kufukua uchawi. Ajuoga mkali, wakasema, amefukua Oyugis, amefukua Awendo, hajawahi kutoka bomani mikono mitupu.

Mimi nilikuwa Homa Bay, namsubiri Byron na mzigo mwingine. Siku hiyo hakutokea. Nikauacha mfuko kwa askari wa hoteli, nikarudi Migori na hasira zangu.

Nikakuta uwanja wetu umejaa watu.

Mganga alikuwa amejipaka majivu uso mzima, ngozi ya mbuzi mabegani, mkoba ubavuni, miguu mitupu. Alikuwa anachimba kwenye migomba ya Mama Nyamusi. Akachimba, akaimba, akachimba. Halafu akainua chupa.

Hapo ndipo tulipoanzia.

"Ni ile ya TV," kijana mmoja alisema kwa sauti ndogo. "Yawa, kumbe ni ya kweli."

Mirumbe akamgeukia Mama Nyamusi. Walikuwa wamemkalisha chini, kwenye nyasi, mikono mapajani.

"Mama. Hii kitu ni yako?"

Mama Nyamusi akaitazama chupa. Kisha akainua macho, akanitafuta kati ya watu, akanipata. Kisha akainama.

"Sina la kusema," akajibu.

"Mmesikia?" mtu akapayuka. "Amekubali."

Nilidhani woga umemfunga akili.

Tairi likaletwa. La lori, kuukuu. Na mtungi wa petroli, mkononi mwa Mirumbe.

Mganga alikuwa anazunguka na chupa, anawaonyesha watu wote. Alipofika mbele yangu, akaileta puani. Akanusa. Mara mbili.



Majivu yalikuwa yameficha uso, lakini pua hiyo nilikuwa nimeiona ikinusa kazi yangu miezi mingi. Byron. Mkusanyaji wa Nairobi. Na yeye akanitambua.

Akainama kwangu kama anayenibariki.

"Funga mdomo, msanii," akanong'ona. "Ukisema ni yako, tairi ni lako."

Na shida ni kwamba alisema kweli.

Nikisema niliichora mimi, nimeshakuwa mchawi. Nilikuwa nalala kwa mama, chupa ni yangu, tumeroga pamoja. Nikinyamaza, mama anachomwa. Nilitazama njia ya kwenda barabarani. Ilikuwa wazi. Na kama kuna kitu nilikijua maishani mwangu, ni kuondoka.

Mama Nyamusi akavua kitambaa chake cha kichwa. Akakikunja vizuri, mara nne, akakiweka kando kwenye nyasi, mbali na petroli, kama mtu ambaye atarudi kukichukua.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mirumbe. Nipe hiyo petroli."



"Unataka kumwasha wewe?" Mirumbe akauliza. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu wa moshi. "Mama yako?"

"Nipe kwanza, ndugu yangu."

Akanipa. Nafikiri alichoka kuushika mtungi.

Nikavua fulana yangu, nikailoweka. Kisha nikamnyang'anya mganga chupa.

Watu walipiga kelele zote za dunia. Kitu kilichofukuliwa hakishikwi, isipokuwa na aliyekifukua. Mkono unaoza. Kila mtu anajua. Byron mwenyewe alikuwa wa kwanza kupaza sauti, "Usiguse! Utakufa!"

"Nimeishika kabla yako," nikasema.

Nikaanza kufuta.

Rangi iliyochanganywa na petroli hutolewa na petroli, na udongo wa mvua ulikuwa umeshailainisha. Macho yakaanza kulegea. Yakashuka, manjano yakiingia kwenye bluu, kama chupa inalia. Mdomo ukatoka wote mara moja. Nikafuta mpaka kiganja changu kikawa bluu na kioo kikaanza kuonekana, kioo cha kawaida, unaona vidole vyangu upande wa pili.

Nikaigeuza. Nikamwonyesha Mirumbe kitako.

Hakuishika. Lakini aliinama. Akakiona.

"Ombui," akaita. "Ombui yuko wapi?"

Ombui alikuwa nyuma ya watu wote, kama kawaida ya wenye mali. Wakamsukuma mbele. Akatazama ile mistari mitatu.

"Hii ni chupa yangu," akasema.

"Kwani mzee unaroga?" mtu akauliza.

"Mimi naroga na pombe tu, na wewe ushakunywa dawa yote." Halafu akanitazama. "Huyu Gichana ananunua tupu kwangu. Anazipaka, anauzia watu Homa Bay."

"Nilimuuzia huyu," nikasema, nikanyoosha kidole cha bluu. "Akiwa amevaa suti."

Byron alikuwa ameshaanza kurudi nyuma polepole. Vijana wakaushika mkoba wake, ukapasuka.

Chupa zikabingirika kwenye nyasi. Tatu, nne, sijui. Zote za bluu. Zote zinatazama kila upande. Mzigo wangu wa juzi, ukisubiri kufukiwa boma lingine.

Wacha nisieleze sana kilichofuata. Ile hasira ilikuwa imekuja na ilitaka pa kwenda. Watu walimwangusha Byron, na mikono ikaenda kwa tairi.

Tairi halikuwepo.

Mama Nyamusi alikuwa amelivuta, amelilaza chini, amelikalia.

"Mmeleta tairi moja," akasema, anakohoa. "Na mmeleta kwangu. Sasa ni langu. Hakuna mtu mwingine atalivaa."

"Mama, toka."

"Nitoe."

Hakuna aliyemtoa. Alikaa pale pale mpaka askari wa chifu wakaja wakamchukua Byron, damu puani, ngozi ya mbuzi imebaki kwa matope.

Watu wakaanza kutawanyika, wakitazama chini. Mirumbe peke yake alibaki.

"Sasa watoto wangu," akasema, na hakuwa anamwambia mtu, "waliuawa na nini?"

Surua si mtu. Huwezi kuiletea tairi.

Mama Nyamusi akaenda jikoni. Akakoka moto. Akarudi na kikombe cha uji, akakiweka mbele ya Mirumbe, akasimama hapo. Uji ule ule.

Mirumbe alikishika kwa mikono miwili. Halafu akanywa, wote, akilia.

Baada ya hapo nilimfuata mama jikoni. Ndoano nilizokuwa naning'inizia chupa zilikuwa bado pale juu ya moto.

"Mama, walikuuliza kama ni yako. Mbona hukusema hapana?"

"Ningesema hapana, wangeuliza ni ya nani."

"Si ungesema hujui?"

Akanigeukia na mwiko mkononi.

"Gichana, hayo macho yamenitazama nikipika miezi mingapi? Niliyajua kabla hayajatoka mchangani yote. Mimi ni Msabato, nimwangalie Mungu niseme sijui? Na nikisema najua, wewe ungekuwa wapi sasa?"

Mimi wakati huo nilikuwa natazama njia.

"Enda uoge," akasema. "Unanuka petroli."

Nimezunguka nchi hii sana, kabla ya siku hiyo na baadaye. Lakini kwa Mama Nyamusi nilikaa. Nilikaa mpaka kikohozi kilipomshinda, na nilishika jembe mimi mwenyewe kwenye kaburi lake, nikiwa mtoto wake pekee.

Wewe unayeuza kitu, chochote, nisikilize. Anayependa kazi yako atabishana nawe hata juu ya rangi. Anayeichukua yote bila swali, muulize anaipeleka wapi, hata kama una njaa. Hasa kama una njaa.

Na kama kuna mtu aliwahi kunyamaza ili wewe uishi, rudi kwake leo. Njia itakungoja.