Barafu ya Nakhumicha

Mwezi wa saba huku Matisi, mtaa wa Kitale, ni mwezi wa masweta. Ukungu unashuka kutoka Mlima Elgon, watoto wanaenda shule wakitoa moshi mdomoni, na mtu mwenye akili zake timamu anakumbatia kikombe cha chai. Mwezi huo ndio Nakhumicha aliingia dukani kwangu na sufuria ya maji ya matunda, akaniambia nifungue friza ninamoweka maziwa.

"Unataka kuuza barafu na hii baridi?" nikamwuliza.

"Sitaki kuuza. Nataka mume wangu ale."

Nilicheka. Nakiri mapema kwa sababu siku hizi watu wa mtaa wetu wanasimulia habari hii kana kwamba walimwunga mkono tangu mwanzo. Hakuna aliyemwunga mkono. Hata mimi mwenye friza nilianza kwa kucheka.

Nakhumicha alipika katika shule ya bweni miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Mkono wake wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na mtu aliyesonga ugali wa wavulana mia sita kila siku hana mazoea ya kuomba ruhusa jikoni. Mimi humwita Mama Edah kwa jina la binti yake, naye huniita Mama Job. Mimi ni mtu wa Cheptais, mlimani, yeye ni Mbukusu wa Chwele, na hatukosi la kuchokozana. Yeye anasema sisi tumekunywa maziwa mpaka damu imekuwa nyeupe. Mimi namwambia wao wakiona kuku wanasahau majina ya watoto wao. Kumbe utani huo wa kuku ungekuja kuwa ugomvi wa kweli, tena sebuleni kwake.

Mume wake ni Mukhisa, dalali wa ng'ombe katika soko la Chwele. Ilikuwa sauti hiyo! Angesimama upande huu wa soko, mnunuzi upande ule, na kabla hajamaliza kusema, ng'ombe anayechechemea ameshakuwa ng'ombe mwenye maringo. Bei ikikubaliwa alikuwa anamshika mnunuzi mkono na kumpiga kiganja, pa! Baada ya hapo hakuna wa kurudi nyuma.

Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza, kisha ikakauka. Ilikuwa saratani ya koo. Hospitali ilimchoma kwa miale wiki sita, na madaktari wakasema uvimbe umenyauka. Lakini miale ilimwachia ulimi na koo vilivyochubuka kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye barabara ya murram. Chai ya moto ilimtoa machozi. Kijiko kimoja cha uji kilimchukua dakika kumi, na kile cha pili alikikataa. Mtu wa kilo themanini na moja akawa na hamsini na moja, amekaa kitini na koti lake la sokoni limemmeza.

Kila Jumatano alipimwa uzito kliniki hapa Kitale na muuguzi anayeitwa Mwihaki. Ni binti mwenye heshima, ila hazunguki maneno.

"Mzee, ukishuka chini ya hamsini tutakuwekea mpira wa puani, chakula kipitie huko."

Mukhisa alinong'ona, kwa sababu kunong'ona ndiko kulikobaki. "Mkiniwekea mpira, nitaung'oa. Halafu chimbeni shimo siku hiyo hiyo."

Nakhumicha anamjua mume wake. Alijua hatanii. Kwa hiyo vita ilikuwa hiyo tu: kilo hamsini. Mwihaki alimwambia ajaribu kitu baridi, laini na kitamu, kisicho na uchachu. Hilo la mwisho Nakhumicha hakulisikia, au alilisikia likampita, maana huku kwetu ukisema tunda unamaanisha passion. Mmea umetambaa kwenye ua wake mwenyewe. Akachuma, akakamua, akachuja mbegu kwa kitambaa, akatia sukari, na kwa vile ni mtu wa kuzidisha akaongeza ndimu.

Mukhisa alionja nusu kijiko. Akashika shingo kwa mikono miwili, akaenda kulala akitazama ukuta, na mpaka kesho yake hakufungua mdomo. Barafu yenyewe tuliila sisi wawili dukani. Ilikuwa tamu ajabu. Nakhumicha aliila yote huku akilia, akinitazama kama anayeniambia nisiseme neno.

Nilidhani ataacha. Asubuhi alirudi na papai lililoiva mpaka ngozi inalegea, amelisaga na ndizi tamu mbili.

Hilo nalo liligoma. Si uchungu safari hii, ni ugumu. Liliganda likawa jiwe, kama zile barafu za plastiki ambazo watoto wanazisugua kwa meno. Mukhisa hana ulimi wa kusugua kitu. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, nikaingia vitani. Kaka yangu Kibiwott anafuga nyuki kule Cheptais, na asali yake nimeiweka kwenye friza miaka mingi bila kuiona ikiganda kama maji. Nikampa chupa. Nakhumicha akaongeza avokado ili mgonjwa apate mafuta mwilini, akamimina kwenye sufuria pana, isikae nene. Kisha kazi ikaanza: kila nusu saa alivuka barabara na uma mkononi, akafungua friza, akakwangua pembeni ambako kulikuwa kumeganda, akavuruga kati, akafunika, akaenda. Mara nane kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ukiiacha saa nzima imeshageuka jiwe. Yeye hakuiacha.

Ilitoka laini, inameremeta, rangi ya machungwa yenye kijani kidogo. Mukhisa aliweka ncha ya kijiko mdomoni akiwa amekunja uso tayari kwa maumivu. Maumivu hayakuja. Uso ukakunjuka polepole. Akala bakuli zima, akakilamba kijiko, akakigeuza, akakilamba nyuma. Nakhumicha alitoka nje akasimama kwenye ule mpassion wake, na mimi nikajifanya naangalia redio.

Sasa sikiliza ubaya wa watu. Mtaa ulikuwa kimya wakati Mukhisa hali. Alipoanza kula, midomo ikafunguka. Ati Nakhumicha anamtafutia mzee nimonia. Ati mtu mgonjwa anapewa supu, hapewi baridi. Kwenye ushirika wa akina mama kuna mmoja aliyeomba kwa sauti kwamba Bwana awafungue macho wanawake wanaowaharakisha waume zao kaburini, na yeye mwenyewe macho ameyafungua, anamtazama Nakhumicha. Mwingine akasema kwenye bomba la maji kwamba mzee amekaliwa chapati na mke wake, sasa analishwa na kijiko kama mtoto. Halafu mmoja wao, na ninamjua, akapiga simu Chwele.

Jumamosi akafika Mama Levi, dada mkubwa wa Mukhisa, juu ya bodaboda, jogoo kwapani. Hakupitia nyumbani kwanza. Alipitia kwangu.

"Wewe ndio mwenye friza? Funga hiyo kitu. Mwanaume harishwi balafu," akasema, ulimi wake ukizichanganya l na r.

"Mama, friza ni yangu."

"Na ndugu ni wangu."

Hilo lilikuwa kweli. Mwanamke huyo ndiye aliyembeba Mukhisa mgongoni mama yao alipofariki. Sikumpenda siku hiyo, lakini hakuja kwa chuki. Alikuja kwa woga, na woga wake ulikuwa na mdomo mrefu.

Nakhumicha akatokea mlangoni na uma wake, nusu saa ilikuwa imefika. "Ndugu ni wako, Mama Levi. Lakini koo lake nalijua mimi." Akampita, akafungua friza, akakwangua, akafunga. "Karibu nyumbani."

Mama Levi alichinja mwenyewe, akapika mwenyewe, akamfukuza mwenye jiko kwenye jiko lake. Saa saba meza ikawa tayari: ugali wa wimbi unatoa moshi, supu inatoa moshi, na katika sahani ya peke yake, firigisi. Asiye wa huku afahamu kwamba firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mke anaipika, haionji. Nyumba imewahi kuvunjika kwa sababu ya firigisi iliyokosekana kwenye mchuzi, na mke akarudishwa kwao kueleza. Na mwanaume akiletewa firigisi na dada yake, hairudishi.

Mimi niliingia nyuma na bakuli la barafu, nikakaa pale mlangoni. Mama Levi alimnawisha ndugu yake kwa maji ya vuguvugu, kwa upole kabisa.

"Kura, mwana wa mama. Wewe ni mwanaume wa hii boma. Ukirudisha hii, umerudisha baba yetu."

Mukhisa aliitazama ile firigisi. Nilitaka kusema kitu, Nakhumicha akanishika goti. Mzee akaikata nusu, akaweka nusu mdomoni, akatafuna. Alitafuna mara tatu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, macho yakajaa, na shingo ikakataa. Akaitema kwenye kiganja, na kwenye kiganja kulikuwa na damu.

"Meza na supu," Mama Levi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Meza tu, itateremka."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Kilo hamsini nukta sita, ndizo alizokuwa nazo Jumatano iliyotangulia, na mtu anamchubua tena mahali palipoanza kupona! Nakhumicha hakupiga kelele. Alimpangusa mume wake kiganja kwa leso, akachukua bakuli kwangu, akaliweka mezani kando ya firigisi.

"Chagua wewe," akamwambia. "Si mimi, si dada yako."

 Mukhisa akaivuta ile sahani yenye nusu ya firigisi iliyobaki, akaisukuma mbele ya mke wake.

"Kula."

Tuliinama sote kusikia vizuri.

"Mimi?" akauliza Nakhumicha.

"Nani amesimamia hii boma tangu Januari? Kula."

Mama Levi akasimama, kiti kikaanguka. "Mukhisa! Mwanamke hari firigisi! Unataka tucheke... unataka watu watucheke mpaka Cheptais?"

 Mukhisa hakuwa na sauti ya kubishana na dada yake. Alichukua mkono wa Nakhumicha, ule mnene wa kulia, akaufungua, akaupiga kiganja. Pa! Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa ile ile ya sokoni, na Mama Levi aliyekulia Chwele anajua maana yake.

Nakhumicha akaichukua firigisi kwa vidole viwili. Akaitafuna bila haraka, akimtazama wifi yake machoni, akaimeza.

"Imekosa chumvi," akasema.

Mzee akavuta bakuli lake.  Mama Levi alitazama bakuli likiisha mpaka chini, akainua kiti kilichoanguka, akakirudisha mahali pake, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Jumatano tulienda kliniki watatu. Mukhisa alivua viatu, akavua koti, akapanda mzani akiwa ameshika pumzi kana kwamba pumzi ina uzito. Mwihaki akainama kusoma, akasoma tena. Hamsini na mbili nukta moja.

"Mzee, mnakula nini huko?"

"Barafu," akasema Mukhisa. Haikuwa kunong'ona. Ilikuwa sauti mbovu, ya kukwaruza, lakini watu waliokaa kwenye benchi waligeuka.

Wambea wangu hawajanyamaza. Sasa wanauliza inawezekanaje mwanamke ale firigisi na mbingu isianguke. Nakhumicha anavuka barabara na uma wake, anawasalimia kwa majina.

Wiki iliyopita bodaboda kutoka Chwele alisimama dukani kwangu. Alikuwa amefunga gunia la avokado nyuma, na jogoo mwekundu juu ya gunia. Nikamwuliza kama kuna ujumbe.

"Mama alisema tu jogoo ni ya ndugu yake. Firigisi na avokado ni za huyo mwingine. Hakutaja jina."

Nakhumicha alizibonyeza avokado moja moja, akasema nusu hazijaiva. Mchana akapika jogoo. Mukhisa alikunywa supu iliyopoa, kisha akala barafu yake. Firigisi Nakhumicha aliila mezani, mlango wazi, na safari hii chumvi ilitosha.