Mistari Myeupe ya Chokaa

Kwa miaka ishirini mpima udongo alitembea na buti jozi mbili, za kuingilia uwanjani na za kutokea, ili asibebe sumu ya huyu kumpelekea yule. Asubuhi hiyo uwanja ulikuwa wa marehemu baba yake, fundi betri. Mama alikuwa ameahidi kuutoa ijengwe chekechea.

"Pima hapa mbele, mwanangu. Kule ukutani kuna nini? Majani tu."

"Kila hatua kumi kigingi, mama. Uwanja hauchaguliwi kama nyanya."

"Ukaidi huo uliuanzia tumboni."

"Kwani mle tumboni nilimkuta nani?"

Mama alicheka, huku akisimama kati yake na ukuta. Fundi hakuacha nyumba ya fahari. Aliacha jina ambalo halijawahi kutiwa doa.

Penye ukuta, mpima udongo alizungusha bomba la chuma mpaka likazama, akalivuta, akaulaza udongo juu ya turubai. Akasahau kuandika. Ndani ya udongo ule mweusi mlikuwa na mistari myeupe, myembamba kama uzi, mmoja juu ya mwingine, makumi kwa makumi.

"Chokaa," mama alinong'ona. "Kila Jumamosi baba yako alimwaga maji makali ya betri, akayafukia kwa chokaa. Alisema hamwachii jirani uchafu wake."

Mpima udongo alipiga magoti. Alishafungua ardhi ya viwanda vizima, ila hakuwahi kuona maisha ya mtu yaliyotunzwa udongoni hivi, wiki kwa wiki. Mahali pamoja mistari ilikatika, pakawa na udongo mtupu upana wa kidole.

"Na hapa?"

Mama aliinama, akatazama sana. "Alifunga karakana mara moja tu. Ulipozaliwa."

Mpima udongo aliweka kidole juu ya pengo lile.

"Chokaa huua ukali wa maji yale, mama," alisema taratibu. "Lakini risasi, yale madini mazito ya betri, haifi. Hubaki udongoni, na mtoto hulamba vidole."

"Watasema fundi aliwatilia watoto sumu."

"Baba hakujua."

"Hakujua." Mama alijifunga khanga vizuri kiunoni. "Sisi tunajua. Lete kigingi."

Akakipigilia mwenyewe, kwa jiwe, mapigo matatu.

"Andika kwamba mkewe ndiye aliyeonyesha. Na chekechea isubiri mpaka pasafishwe. Haya, njoo; kuna shimo lingine chini ya ngazi, hilo usingeliona na hatua zako kumi."

Mpima udongo alibeba bomba, akamfuata mama yake.