Sikio na Mwangwi wa Jabali

Mpwa wangu tulimwita Sikio kabla hajatimiza miaka mitano, na mtu akikuambia jina hilo limetoka kwa mwingine, mwambie ni mwongo, mimi ndiye niliyempa. Redio ya dada yangu ilikuwa na tabia ya kukoroma. Sisi wakubwa tuliipiga makofi ubavuni kama ng'ombe mkaidi. Yeye aliushika waya wake, akatembea nao ukutani polepole, kichwa kimeinama, mpaka sauti ikatulia. "Hapo," akasema. Kazi yake ya maisha imekuwa hiyohiyo, kutafuta "hapo", ila siku hizi anavaa kofia ngumu na kupewa mshahara.

Binti huyo ni fundi wa mawimbi katika ofisi ya kanda ya kampuni ya simu. Mimi ni mlinzi wa mnara wa kampuni hiyohiyo. Watu hudhani mpwa ndiye aliyenitafutia kazi. Thubutu! Mimi nilimtangulia miaka miwili, na nikisema nilimfungulia njia sitakuwa nimetia chumvi nyingi. Miaka kumi na moja nimelinda mnara ule, na hata mbu aliyeingia alipita kwa ruhusa yangu.

Mnara umesimama juu ya kilima. Chini yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu, ipo zahanati ya vyumba vitatu na mkunga mmoja, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Ng'ambo ya zahanati kuna jabali jeupe, limesimama wima kama ukuta. Zahanati haina gari. Mama mjamzito akizidiwa, mkunga hupiga simu hospitali kubwa waje kumchukua. Sasa msiba ulikuwa hapo. Simu ya mkunga ilionyesha mtandao umejaa, vijiti vyote vimesimama dede, lakini akisema neno linakatika vipande vipande, kisha simu inakufa. Ili asikike ilimbidi apande kilima mpaka kwenye uzio wangu. Na mkunga akiwa kilimani, mgonjwa anabaki na nani? Na ndoo na ufagio.

Alilalamika kwa kampuni mara thelathini na moja. Ameziandika kwenye daftari. Jibu lilikuwa lilelile, kwamba nguvu ya mtandao katika eneo lake ni nzuri. Lalamiko la thelathini na mbili likaangukia meza ya Sikio, naye akaja.

Alilizunguka bonde siku mbili na vipimo vyake. Mkoba niliubeba mimi, kwa hiyo utafiti huo ni wetu sote. Siku ya pili adhuhuri tuliketi kwenye benchi la zahanati, mkunga akiwa mlangoni anakausha mikono.

"Mnara hauna kosa, Mjomba," Sikio akasema. "Tatizo ni lile jabali."

"Jabali limekukosea nini? Halina hata simu."

"Linarudisha mwangwi. Sikiliza. Maneno ya mkunga hatuyapandishi kwenye wimbi moja kubwa. Tunayagawa kwenye mawimbi madogo mamia kwa mamia, yanakwenda sambamba, kila moja limebeba mzigo mdogo kwa mwendo wa pole."

"Na hayagongani?"

"Yamepangwa. Pale moja linapokuwa kileleni, mengine yote ni sifuri. Anayepokea anachukua mzigo wa hili bila kuguswa na jirani."

"Wapagazi mia sita wenye adabu," nikasema. "Hao hawajatoka ukoo wetu."

Mkunga hakucheka, nilishakwambia.

"Wanashusha kwa mikupuo," Sikio akaendelea. "Mkupuo mmoja, tunaacha upenyo, halafu mkupuo mwingine. Upenyo ule ni wa mwangwi. Wimbi likigonga ukuta likarudi limechelewa, liangukie kwenye upenyo, lisimwangukie anayefuata. Upenyo wetu unavumilia mwangwi uliozunguka kilomita moja na nusu hivi. Wa jabali hili, ukiupokea hapa zahanati, umezunguka kilomita tatu za ziada. Kwa hiyo mkupuo uliopita unamwagika juu ya huu wa sasa."

"Na vijiti?" mkunga akauliza. "Mbona vimejaa?"

"Vijiti vinapima nguvu tu, mama. Mwangwi nao una nguvu."

"Basi simu yangu ndiyo mbovu, haiwezi kuutenga?"

"Inajaribu. Inakisia njia imelipinda wimbi vipi, inalinyoosha. Lakini likishamwagika nje ya upenyo, halizoleki tena."

Mimi, kwa kuwa sikuzaliwa jana, nikatoa shauri la kuugeuza uso wa mnara usilitazame jabali. Sikio akanionyesha kwa kidole: mnara kule, jabali kule, na katikati yake benchi tulilokalia. Ukilipa jabali kisogo umeipa na zahanati.

"Dawa ipo," akasema. "Kuna upenyo mpana, mashine inao tayari. Unavumilia karibu kilomita tano. Hasara yake ni kwamba pale tuliposhusha mikupuo saba, tutashusha sita."

"Sita inayosikika au saba inayomwagika! Mimi niliishia darasa la sita na hesabu hiyo naiweza."

"Wewe ungekuwa bosi wangu, Mjomba, ningelala usingizi."

Bosi wake tunamwita Bwana Asilimia, maana hata ukimsalimia anakujibu kwa asilimia. Sikio alimpigia kesho yake asubuhi na mapema, tukiwa pale kwenye uzio, akaweka spika ili nami nisikie.

"Mnara huo usijisumbue nao," Bwana Asilimia akasema. "Uko kwenye orodha. Mwisho wa mwezi tunauzima, mashine inahamia mji wenye watu. Hapo hakuna wateja, matumizi ni asilimia tisa."

"Wateja wapo, bosi. Simu zao zinakatika kabla hazijaunganishwa sawasawa."

"Simu isiyokamilika haihesabiwi. Unalijua hilo."

"Ndiyo maana tunaona hakuna watu! Nipe wiki moja tu, nibadilishe upenyo, halafu tuhesabu upya."

"Minara yote ina kigezo kimoja cha mipangilio, bibie. Kigezo kinatoka makao makuu. Mimi mwenyewe sina ruhusa ya kukigusa." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Sikio halipiti kichwa."

Alipokata simu, mpwa wangu alikaa juu ya jiwe akang'oa majani. Nimemwona huyu akifeli mtihani, nimemwona akizika baba yake. Sikuwa nimemwona akikaa hivyo, anajua ugonjwa, anajua dawa, chupa iko mbele yake, na mkono umefungwa.

Hapo ndipo nilipofanya langu, na sitalificha, maana hata tukilifukia lina miguu. Nikamwambia, "Ufunguo wa kibanda cha mashine unakaa kwa nani?"

"Mjomba."

"Nimeuliza tu."

Akayatupa majani yale. Kisha akasimama, akajipangusa suruali. Nikafungua. Akaunganisha kompyuta yake, akaandika mistari miwili, mashine ikazima taa, ikawasha. Kazi yote haikufika muda wa kuchemsha maji.

Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi ya Jumatano. Saa mbili na robo simu yangu ikaita, mkunga yule, yuko mezani kwake.

"Unanisikia?"

"Nakusikia kama umenikalia begani."

"Ngoja," akasema, akakata. Baadaye nilijua alipiga hospitali hapohapo, akaongea na dereva wa gari kuhusu mama mwenye presha aliyekuwa kitandani, na gari likaja kabla ya saa nne. Siku hiyo bonde zima lilipiga simu. Mshona viatu alimpigia mke wake aliyekuwa chumba cha pili. Sikio alikaa na kompyuta magotini akihesabu, na kila baada ya saa alinitajia: asilimia thelathini, arobaini na moja, sitini. Nilimwambia sasa Bwana Asilimia atakufa kwa raha. Sisi wajinga tukacheka mpaka jioni.

Ambacho mimi sikukijua, na yeye alikisahau kwa furaha, ni jambo hili. Kila alfajiri makao makuu hupitisha ukaguzi kwenye minara yote, na mnara unaokutwa tofauti na kigezo hurudishwa kwenye kigezo. Mashine inafanya yenyewe, hakuna mtu wa kumwangukia miguuni. Alhamisi asubuhi mkunga alikuja kilimani akihema, kupigia simu uzioni kama zamani.

Sikio akasema si kitu, angalau hesabu ya Jumatano tunayo. Akaiandikia ripoti ya kurasa nne, na picha ya jabali ndani yake. Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Siku yoyote mnara unapokuwa nje ya kigezo, takwimu zake huhesabiwa kuwa za hitilafu, nazo hufutwa. Kwenye vitabu vya kampuni Jumatano ile haikuwepo. Hata simu ya mama mwenye presha haikuwahi kupigwa. Juu ya hayo wakamnyang'anya neno la siri la kubadilisha mipangilio, wakamwachia moja tu, la kuzima.

Mimi sikuguswa. Nilijiandaa kujitetea, nikatunga hotuba nzuri sana, hakuna aliyeniuliza. Kumbe mlinzi hata kosa lake halina cheo.

"Ningekuwa sijui," Sikio aliniambia jioni moja, "ningelala. Wenzangu ofisini hawajui, wanaona asilimia tisa, wanalala."

Nilitafuta mzaha, nami sikosi mzaha. Siku hiyo nilimmiminia chai tu.

Mwisho wa mwezi likaja lori na wapanda minara wanne. Utaratibu wa usalama unataka fundi wa mawimbi azime mitambo kwanza, kabla mtu hajapanda. Fundi wa kanda ni mmoja. Basi wakamtuma yeye.

Alifika na kofia yake, akanisalimia, "Shikamoo, Mjomba," kwa sauti ndogo, nikafungua geti. Mkunga alikuwa ameshapanda, amesimama kando ya uzio anaongea na hospitali. Wapanda minara wakavaa mikanda, wakamtazama Sikio. Sikio akamtazama mkunga.

"Hapana, kuanzia leo msingoje simu yangu," mkunga alikuwa akisema. "Haitakuja... Basi tukubaliane, gari lije kila Alhamisi, nimepiga au sijapiga... Ndiyo, hata kama hakuna mgonjwa. Lije tu." Akasikiliza upande wa pili. "Wa Ijumaa?" akasema. "Wa Ijumaa nitamwambia angoje."

Kiongozi wa wapanda minara akakohoa. "Dada, jua linapanda."

"Hajamaliza," Sikio akasema.

Mkunga alimaliza. Aliitoa simu sikioni, akaviangalia vile vijiti vilivyojaa, akamgeukia mpwa wangu. "Haya, mwanangu," akasema, "fanya kazi yako."

Sikio akaingia kibandani. Nilimshikia mlango.