Waya wa Ethi Uani Kwetu

Mimi ni mwoga wa radi na sioni haya kusema. Nilikulia kijijini Shinyanga, na nikiwa darasa la tatu niliona ng'ombe saba wa baba mdogo wamelala kando ya ua wa seng'enge, midomo wazi, hakuna hata tone la damu. Radi ilikuwa imepiga mwisho wa ua, mbali kabisa, ikasafiri kwenye waya mpaka pale walipojibanza. Watu walinong'ona kwamba imetumwa. Mimi sikujali nani kaituma, nilichokumbuka ni ule waya.

Sasa utaniuliza, mwoga wa radi anatundika waya juu ya nyumba yake ya nini? Hata mimi najiuliza. Nilipoanza kufundisha fizikia huku Geita nilichukua leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza na watu wa mbali kwa mitambo yangu mwenyewe, si kwa biashara. Kusikia mtu asiyenijua ananiitikia kutoka ng'ambo ya ziwa kulinipa raha ambayo siwezi kuieleza. Lakini kila kifaa nilikinunua roho mkononi.

Muuza duka wa kwanza pale mjini alinipa waya wa dishi. "Chukua huu, madam. Waya ni waya."

"Waya ni waya kwa anayeanika nguo," nikamjibu. Waya wa dishi ni wa ukinzani wa om sabini na tano, redio yangu inataka hamsini. Ukilazimisha, sehemu ya nguvu unayorusha inakurudia na kuichemsha redio. Duka la pili walikuwa na kebo ya om hamsini, inang'aa kweli kweli. Nikatoa kisumaku changu mkobani nikakigusisha kwenye uzi wa kati. Kikanasa. Kumbe chuma kilichopakwa rangi ya shaba!

"Jamani, madam anapima kebo kama dhahabu," kijana wa duka akasema, na wateja wote wakacheka. Nilitoka nimenuna. Duka la tatu ndipo nilipopata kebo nene kama kidole cha mwisho, shaba tupu, nyuzi zake za nje zimesukwa zikabanana mpaka mwanga haupenyi. Nikachukua na konekta za kukaza kwa mkono. Nililehemu mwenyewe, kisha nikaviringisha vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye maungio, kwa sababu tone moja la mvua likiingia ndani ya kebo linaila kimya kimya na wewe huna habari.

Antena yenyewe haikunisumbua. Nyaya mbili za mita kumi na kidogo kila moja, zimekutana juu ya mlingoti wa mkaratusi, ncha zake zinateremka mpaka kwenye ua. Kilichoninyima raha ni ethi, yaani njia ya kuushusha umeme ardhini. Ardhi yetu ni changarawe na mwamba, haipitishi umeme vizuri. Nilichimba shimo la kufika kiunoni nyuma ya nyumba, nikasimamisha fimbo ya shaba, nikajaza mkaa na chumvi, nikamwagia maji. Kutoka pale nikavuta waya mnene mpaka kwenye kibati cha shaba nilichokipigilia dirishani, chumba cha redio. Kila nikitoka nyumbani, au wingu likitanda, naichomoa kebo kwenye redio na kuikaza kwenye kile kibati, ili kitakachoshuka kutoka juu kipite zake kiende ardhini.

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na huniita Mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, alikuwa amesimama akinitazama.

"Mayu, unazika nini?"

"Nazika radi, mama."

"Kwa chumvi na mkaa?" Akaondoka anatikisa kichwa. Jioni nilimketisha yeye na binti yangu wa miaka sita, nikawaambia mvua ikija wakae chumba kile cha redio, radi imeshapewa njia yake. Nilisema kwa kujiamini kabisa. Fundi nilikuwa mimi, bwana.

Mume wangu naye alikuwa amechuchumaa kwenye udongo niliotoa shimoni. Kazi yake ni kuendesha pampu za kutoa maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na huku kwetu mtu akichimba shimo, hata la choo, lazima mwenzake achungulie udongo. Alikuwa anageuzageuza jiwe jeupe lenye kutu. Nikamwambia aache mambo yake, hilo ni shimo la radi. Akacheka, akalitia mfukoni.

Jumamosi moja nilikwenda shuleni kusahihisha mitihani. Saa tisa mbingu ikawa nyeusi, ngurumo zikaanza upande wa ziwani. Sikushtuka. Kebo nilikuwa nimeikaza asubuhi kwa mkono wangu. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia radi nikaendelea na kalamu yangu, tena nikajisifu moyoni. Mungu anisamehe.

Mlango wa ofisi ya walimu ukafunguka, mume wangu akaingia ameloa chapachapa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani na bibi yake."

"Chumba gani?"

"Cha redio. Kuna nini?"

Akashika fremu ya mlango. "Ule waya wa ethi niliukata."

Aliyasema yote kwa haraka. Tangu Jumatano, nikienda shule, alikuwa akichimba pale pale, anajaza udongo kwenye viroba na kwenda kuuosha kwenye karai. Fimbo ilimzuia, akaing'oa. Waya akaukata, ncha akaichomeka kwenye udongo nisijue. Alikusudia kurudisha Jumapili. Leo akiwa kwenye pampu aliona wingu, akapiga simu ya nyumbani haipatikani, akapanda bodaboda na kunipitia, maana shule iko njiani. Alikuja, hilo nampa.

Tulipakiana watatu kwenye bodaboda, dereva akipambana na tope, mume wangu katikati na mimi nyuma nikilia. Nilikuwa nawaza ile kebo. Shaba tupu, haina kutu, konekta zimekazwa, hakuna tone la maji lililoingia. Vyote nilivyovichagua kwa makini vilikuwa sasa vinaileta radi chumbani, na mtoto wangu nilimweka humo mimi mwenyewe.

Nilianza kumwita binti yangu tangu getini. Kimya. Nikamwita mama mkwe. Kimya. Mume wangu akanishika mkono akanivuta. Ukweni kwangu radi ikinguruma hawaitikii. Wanafunika kioo na kukaa bila kutoa sauti mpaka ipite. Nimeishi nao miaka tisa nalijua hilo, lakini pale mlangoni sikukumbuka chochote.

Walikuwa hai. Bibi ameegemea ukuta chini ya dirisha, mtoto mapajani, kiganja chake kimeziba mdomo wa mtoto. Kile kibati kilikuwa juu ya vichwa vyao, hata shibiri moja haifiki. Nilimnyakua binti yangu, mume wangu akambeba mama yake mzima mzima, tukakimbilia jikoni, mwisho wa nyumba. Sidhani kama nilivuta pumzi kumi. Dirisha likawa jeupe na nyumba nzima ikaruka.

Tuliporudi kuangalia, kibati hakikuwepo. Ukuta ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, pale pale bibi alipoegemeza mgongo. Redio ilikuwa imeyeyuka upande mmoja.

"Mimi sikutaka kukaa hapa," mama mkwe akasema, taratibu tu, bila ukali. "Nilikaa kwa sababu wewe umesoma."

Mume wangu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua mezani. Ndani kulikuwa na dhahabu yake ya siku nne, ndogo kama punje ya ulezi. Nilitaka kumzaba kibao. Mikono ilikuwa imemshika mtoto, ikakataa kumwachia.

Ngurumo nyingine ikaanza nyuma ya vilima, inakuja. Binti yangu akanivuta shingo nimtazame.

"Mama, sasa tukae wapi?"

Walinitazama wote watatu, wakinisubiri mwalimu niseme. Nikamwambia mwanangu kwamba sijui.